Kikapu cha Simu

Mimi ni mwoga, na nasema mapema ili asije mtu akadhani hapa atasoma habari za shujaa. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa mtu anayenipigia simu bila kuniandikia kwanza. Lakini woga ulioniingia nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni ulikuwa wa aina nyingine. Ulikaa tumboni. Nilikula nao, nikasali nao, nikakatiza nao vichochoro vya Kuze, mtaa wetu, kurudi nyumbani, na mtu akinitolea salamu tu, nilishtuka.

Ulianza kwa tangazo lililobandikwa kwenye ngazi za chuo. Maabara inayochunguza jinsi akili ya binadamu inavyosikia muziki ilikuwa ikitafuta wasaidizi wawili. Chini kabisa paliandikwa kwamba si lazima mtu ajue kuimba. Hapo ndipo nilipovutika, maana mimi nikiimba hata paka wa nyumbani hutafuta mlango.

Nilitarajia mashine za ajabu. Kumbe ni chumba kimoja kidogo ghorofa ya pili, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro makuukuu ili kuzuia kelele, kompyuta mbili, na hedifoni nne, moja imefungwa kwa utepe mweusi. Pamoja na magodoro yote hayo, honi za meli kutoka bandari ya Kilindini zilipenya. Ikilia moja, profesa aliinua mkono, sote tukanyamaza mpaka iishe, kisha tukaanza upya.

Profesa alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyepiga kinanda kanisani kwake kila Jumapili. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno akilipima kwanza. Alinieleza kazi yenyewe siku ya kwanza: mtu anakaa, anavaa hedifoni, anasikilizishwa vipande vifupi vya muziki, na anagonga kidole juu ya kibao cha mpira kila anapohisi mdundo. Kompyuta inaandika kidole kilipoangukia. Basi. Alichotaka kujua ni kama mtu aliyelelewa na muziki fulani tangu utotoni anausikia mdundo mahali palepale anapousikia mgeni, au kila mmoja ana pake.

Alinikalisha nijaribu. Nikagonga. Akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi.

"Umejifunza wapi wewe?"

"Kwetu," nikasema.

Kwetu ni nyanya yangu, mama wa mama yangu, aliyenilea. Nyanya alikuwa kiongozi wa vugo. Asiyejua vugo na ajue: ni ngoma ya wanawake katika harusi, husimama kwa safu, kila mmoja na pembe ya nyati mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia, wakigonga na kuimba. Nyanya ndiye aliyeanzisha wimbo na ndiye aliyeshika mdundo. Ukikosea hakusema kitu, alikutupia jicho tu, ukatamani ardhi ipasuke uingie. Nilipokuwa mtoto aliniwekea mkono mgongoni na kunigongagonga kwa kidole mpaka nilale. Sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa.

Sasa lazima nieleze habari ya mlango. Harusi ya wanawake kwetu, ukishaingia ndani, buibui linavuliwa. Mabibi waliopita njiani wakiwa weusi tititi wanageuka kuwa dhahabu, asmini, nywele na mikono mitupu. Na nyimbo zenyewe, nyingine ni za kumfunza bi harusi, zina maneno ambayo mwanamume hatakiwi kuyasikia hata kwa bahati mbaya. Zamani ilitosha kufunga mlango. Siku hizi kila mkoba una kamera ndani yake. Kwa hivyo kuna kikapu. Kila mgeni anatoa simu yake, inafungwa kwa kitambaa, anapewa kijikaratasi chenye nambari, na anaichukua akitoka. Anayekaa na kikapu hawi mtu yeyote tu. Ni msichana anayeaminika kutoka nyumba inayoaminika. Kwa miaka mitatu msichana huyo nilikuwa mimi, kwa sababu ya nyanya.

Mwezi wangu wa pili pale maabara, profesa alilalamika kwamba muziki wa pwani aliokuwa nao ni ule wa kuwachezea wageni hotelini. "Ningepata kitu ambacho watu wa hapa wamekisikia tangu utotoni," akasema, "na ambacho redio haijakichosha."

Na mimi, mdomo wangu huu, hakuna aliyeniuliza. "Ninacho, profesa."

"Wenyewe watakubali?"

"Kiongozi wao ni nyanya yangu."

Alifurahi, maskini. Akanipa fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, nikaitia mkobani. Ilikaa humo wiki nzima. Kila nilipotaka kumtolea nyanya, nilimkuta anapepeta mchele, au anasali, au ana wageni, na nikashukuru kwamba ana shughuli. Ukweli ni kwamba nilijua jibu lake. Woga haukunizuia kufanya kosa. Ulinizuia kuomba ruhusa, basi.

Harusi ilikuwa alasiri, kwenye nyumba yenye ua mpana humo humo Kuze. Nikakaa kwenye kiti kifupi mlangoni, kikapu mapajani. Simu zikaja, moja baada ya nyingine, zikinukia udi. Nikazifunga, nikatoa nambari. Yangu niliifunga kitambaa vilevile, nikaiweka juu kabisa, haina nambari, inarekodi. Nani atampekua mwenye kikapu?

Nyanya alikuwa wa mwisho kuingia, pembe yake imefungwa kwenye leso. Akatoa kisimu chake cha mulika mwizi, ambacho hata kupiga picha hakijui, akanipa mkononi.

"Weka na hiki," akasema akicheka. "Wasije wakasema nyanyako ana mlango wake."

Nikakiweka juu ya simu yangu.

Usiku uleule fomu ikapata sahihi. Palipoandikwa kiongozi wa kikundi nilitia jina la nyanya, kwa mkono wangu, juu ya meza ya jikoni, kando ya vitunguu saumu alivyokuwa amevimenya kwa ajili ya pilau ya kesho yake.

Rekodi ile mimi na profesa tuliikata vipande vifupifupi. Nilimwambia profesa tuchague pale penye pembe tupu, tukachagua, lakini sauti za watu hazichujiki kama tui. Palibaki mwitikio hapa, kigelegele pale. Wiki mbili mambo yakawa mazuri. Vidole vya watu wa pwani viliangukia mahali pamoja, vya watu wa bara pengine, na profesa akawa anatembea chumbani akijichekea. Nilijiona mtu. Nilijiambia kwamba hakuna aliyedhurika, ni sekunde chache tu, na wanaosikiliza hawajui hata wanasikiliza nini.

Jumanne asubuhi akaja kijana mmoja, karani kwa wakala wa forodha kule bandarini, anayesoma chuoni masomo ya jioni. Matamshi yake tu yalitosha kuniambia ni wa Mji wa Kale. Akakaa, akavaa hedifoni ile yenye utepe, akaanza kugonga. Kipande cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu kidole kikasimama hewani.

Nikadhani hedifoni imeharibika tena. Akaivua polepole.

"Huyu anayeitikia," akasema, "ni mama yangu."

"Haiwezekani," nikasema. "Hizi ni nyimbo za zamani. Za maktaba." Uongo ulitoka wenyewe, laini, na hata leo nikiukumbuka nahisi joto masikioni.

"Hukohoa kidogo kabla ya kusema jambo. Miaka ishirini na mitano nakisikia kikohozi hicho." Aliitazama ile hedifoni mkononi mwake. "Kuimba sijamsikia hata siku moja. Huko ni kwao wanawake."

Akaiweka hedifoni mezani taratibu sana, akasema, "Nimesikia kisichonihusu. Astaghafirullahi." Akatoka. Soda tunayowapa washiriki aliiacha pale pale, haijafunguliwa.

Nikakaa nikiitazama ile soda.

Sasa nieleze nilichokuwa nakiogopa, maana si adhabu ya chuo. Nyanya yangu hakusoma, hana nyumba ya kupangisha, hana mume wala mtoto wa kiume wa kumtetea. Alichonacho ni kwamba akibisha hodi mlango wa wanawake, unafunguliwa. Akisema kwamba hapa ndani ni salama, mabibi wanavua buibui. Hicho ndicho alichokijenga maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimekichukua nikakipeleka ghorofa ya pili kikagongewe vidole na watu nisiowajua. Habari hiyo ikitoka, nani atamwita tena?

Siku mbili zilizofuata simtakii hata adui. Simu ikilia, nashtuka. Isipolia, nashtuka zaidi, naona watu wananisengenya. Mama mmoja jirani alinisalimu, "Sabalkheri, mwanangu, hujambo?" nikamjibu huku natafuta usoni mwake kama anajua. Nyumbani nyanya alikuwa akikaanga kaimati, akaniita, "Ndoo uonje shira." Nikaonja, sikusikia ladha yoyote.

"Una nini wee? Mbona waruka ukiitwa?"

"Mitihani, nyanya."

"Mtihani gani wa kumtoa mtu damu usoni?"

Jumatano jioni nilikwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, nikapunge upepo, labda tumbo litatulia. Nikamwona yule kijana. Alikuwa na wenzake wanne wamezunguka muuza mihogo, wameinamia simu moja, wanacheka. Niliganda. Akili ilijua kwamba hakutoka maabara na kitu chochote mkononi. Tumbo halikujua. Tumbo lilisikia sauti ya mamake, na ya nyanya, ikitoka kwenye ile simu, mbele ya mihogo na pilipili na halaiki yote ile. Nikageuka, nikaondoka mbio mpaka kiatu kikakatika ukanda, na sehemu ya njia nikaenda mguu mmoja tupu. Huenda walikuwa wanatazama mpira. Sikukaa kujua.

Alhamisi nikamwambia profesa. Nilianza vizuri, nikaishia kulia kwa kwikwi. Katikati ya maneno honi ya meli ikalia, na kwa mazoea akainua mkono, tukangoja sote wawili mpaka iishe. Kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko kusema.

Akatoa fomu kwenye faili. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

Akavua miwani. Hakunipigia kelele, na nilitamani anipigie. Alifungua kompyuta akafuta vile vipande mbele ya macho yangu, kimoja kimoja, kisha matokeo yote yaliyotokana navyo, kazi yake ya wiki mbili. Akanitaka nifute na ile ya kwenye simu yangu, nikafuta. Akasema ataieleza kamati ya chuo yeye mwenyewe, na kwamba maabara nisije mpaka niitwe.

"Lakini haya ni ya huku chuoni," akasema. "Waliorekodiwa wana haki ya kujua. Nitakwenda pamoja nawe, ukitaka."

"Huwezi, profesa. Wewe mwanamume."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Basi utakwenda peke yako. Kabla ya Jumatatu."

Naomba nisisifiwe kwa yaliyofuata. Sikuungama kwa ushujaa. Niliungama kwa sababu niliamini yule kijana atanitangulia.

Nilimkuta nyanya amekaa mkekani, anazipaka pembe mafuta ya nazi kwa kitambaa, kama afanyavyo kila baada ya harusi mbili tatu. Nikakaa mbele yake, nikasema yote: profesa, fomu, kikapu. Kitambaa kiliendelea kwenda juu na chini.

"Wanaume wamesikia?"

"Ndiyo, nyanya."

"Wangapi?"

"Tisa."

Kitambaa kikasimama. "Siku ile nilikupa simu yangu mkononi," akasema. "Yako ilikuwa yashika sauti wakati ule?"

"Ndiyo."

"Niliposema yale ya mlango wangu. Nikacheka."

"Ndiyo, nyanya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mimi nyanyako, nifanyeje?" Alisema bila kunitazama. "Lakini aliyekosewa si mimi peke yangu."

Jumamosi aliwaita wenzake wote wa vugo nyumbani, wanawake kumi na mmoja. Akapika kahawa, akaweka kaimati katikati, na hakuna aliyenyoosha mkono. Akanisimamisha niseme mwenyewe. Nilisema huku nimeushika ukuta.

"Ati sayansi!" mmoja akafoka. "Sayansi ya kutuchungulia?" Mwingine, bibi wa makamo aliyenifunga nywele nilipokuwa mdogo, alijifunika uso kwa mtandio akawa analia kimya kimya. Nikamtafuta mama wa yule kijana. Alikuwa karibu na dirisha. Akakohoa kidogo.

"Mwanangu alikuja Jumanne mchana," akasema. "Saa za kazi. Akanibusu mkono, akakaa karibu nami, hana neno. Nikamuuliza, una nini? Akasema hana kitu."

Kijana hakuwa amesema. Wala asingesema, si siku ile wala siku nyingine. Ningekaa kimya, kila kitu kingepita, na nyanya angeendelea kugonga pembe yake bila kujua. Nilisimama pale nikilijua hilo, na sikuweza kujua kama nimefanya jema au nimebomoa nyumba bure.

Nyanya akakohoa naye, akaweka kikombe chini. "Mlango ulikuwa juu yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia muvue, hapa ni salama. Haukuwa salama. Basi pembe siishiki tena, mpaka nyinyi wenyewe muniambie."

"Aa, bibi! Yamekwisha hayo!" wakasema baadhi yao. "Mtoto ni mtoto, wapi!"

Baadhi. Wengine walitazama vikombe vyao. Niliwaona, na nyanya aliwaona.

Harusi iliyofuata ilikuja baada ya mwezi. Nyanya alitangulia kutoka, na niliposhika njia baadaye nilijipa moyo kwamba wamempigia magoti, wamemrudishia pembe yake. Nilipofika nilimkuta mlangoni. Amekaa kwenye kile kiti kifupi, kikapu mapajani, vijikaratasi vya nambari vimepangwa kwenye ukingo. Hakuna aliyemtuma. Nilisikia baadaye kwamba alikiomba mwenyewe.

Nikasimama mbele yake. Akanyoosha kitambaa.

"Simu, mwanangu."

Nikampa. Akaifunga, akanipa nambari. Kumi na nne. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja kutoka Makadara, naye akapewa kumi na tano.

Nilikaa karibu na mlango, mahali ningeweza kumwona. Vugo likaanza ndani ya ua, likiongozwa na mwingine. Walikuwa wepesi kidogo, wanaukimbilia wimbo. Mgeni asingejua. Mimi nilijua, na kule mlangoni kidole cha nyanya kilijua. Kilikuwa kikigonga ukingo wa kikapu, taratibu, mahali pake, pembe zikimpita na yeye asiziandame. Nilifikiria kibao cha mpira na kioo cha kompyuta. Nikatazama chini.

Watu walipotawanyika nilikwenda nikampa kijikaratasi changu. Akatafuta kikapuni, akatoa kifurushi, akafungua kitambaa. Hakunipa papo hapo. Aliigeuza simu akakitazama kioo chake, akabonyeza pembeni kwa kidole gumba, akangoja kidogo, akabonyeza tena.

Alikuwa akihakikisha kwamba imezimwa, kwamba hairekodi.